Akiwa Macho: Historia ya Maumivu katika Upasuaji wa Mtoto wa Jicho

Konea, ule utando angavu ulio mbele ya jicho, imejaa ncha za neva kuliko karibu sehemu nyingine yoyote ya mwili. Chembe moja ya mchanga ikiingia, mtu hufumba macho, machozi humtiririka, na kazi yoyote aliyokuwa akiifanya husimama. Nyuma yake kidogo iko lenzi, ambayo haina neva wala mshipa wa damu; hata ikichomwa haihisi kitu. Lenzi hiyo ikipoteza uangavu na kuingiwa na ukungu, mtu huwa amepata mtoto wa jicho, na hatimaye haoni.

Kinachotakiwa kuondolewa, basi, hakiumi. Kinachouma ni njia ya kukifikia.

Historia ya upasuaji huu husimuliwa mara nyingi kwa majina ya madaktari na vifaa walivyobuni. Ukiitazama kutoka upande wa mgonjwa, sura yake hubadilika. Kwa zaidi ya miaka elfu mbili, kilichoamua daktari afanye nini, kwa haraka kiasi gani na akomee wapi, ni swali moja: je, mtu huyu ataweza kutulia? Jicho likicheza kwa upana wa punje ya mtama wakati chuma kimo ndani, uoni wote unaweza kupotea. Kutuliza maumivu hakukuwa hisani ya ziada kwa mgonjwa. Kulikuwa nusu ya kazi yenyewe.

Sindano na mikono ya kushikilia: zama za kale hadi 1700

Maelezo ya mwanzo yaliyo kamili yanatoka India, katika mkusanyo wa tiba unaobeba jina la Sushruta. Mgonjwa aliketi, akashikwa imara, akaambiwa aitazame pua yake. Tabibu alipitisha chombo chenye ncha kali kwenye weupe wa jicho, pembeni mwa konea, kisha akaisukuma lenzi yenye ukungu itoke njiani. Haikutolewa, iliachwa ndani ya jicho, chini ya mstari wa kuonea. Baada ya hapo jicho lilipakwa samli na kufungwa, na mgonjwa akalala chali, akikatazwa kukohoa, kupiga chafya, kucheua na kutema mate. Masharti hayo yanaonyesha jinsi matabibu wale walivyojua kwamba mtikisiko mdogo tu ungeirudisha lenzi ilikotoka.

Roma, katika karne ya kwanza, mwandishi Celsus aliandika utaratibu unaofanana sana na huo. Mgonjwa alikaa kwenye chumba chenye mwanga, ameelekea dirisha, na tabibu akakaa mbele yake juu kidogo. Msaidizi alisimama nyuma na kukishika kichwa. Jicho jingine lilifunikwa kwa sufi ili lisihangaike na kulivuta lenzake. Celsus alieleza pia moyo unaomfaa mpasuaji: awe na huruma ya kutaka mgonjwa apone, lakini vilio vya mgonjwa visimfanye aharakishe kuliko inavyofaa wala akate pungufu. Kwa maneno mengine, kilio kilihesabiwa kuwa sehemu ya shughuli.

Katika dunia ya Kiislamu, tiba ya macho ilisonga mbele kuliko kokote kwa wakati ule. Takriban mwaka 1000, Ammar ibn Ali al-Mawsili, mzaliwa wa Mosul aliyefanya kazi Misri, alieleza sindano yenye tundu ambayo kwayo mtoto wa jicho aliye laini angeweza kufyonzwa badala ya kusukumwa. Tundu lililotobolewa lilikuwa dogo, na lenzi haikubaki ndani kuleta matata. Hata hivyo, njia ya kusukuma ndiyo iliyoendelea kutawala, Ulaya, Asia na Afrika kwa karne nyingi.

Sababu ya kudumu kwake si ngumu kuiona. Kazi iliisha kwa dakika chache, tundu lilikuwa moja, na mara nyingine mgonjwa alianza kuona mwanga na vivuli pale pale alipoketi. Uchungu wa kuchomwa uliweza kuvumilika kwa sababu ulikuwa mfupi. Tatizo lilikuja siku za baadaye. Lenzi iliyoachwa ndani ikielea huweza kuleta uvimbe na kupandisha presha ya jicho, na hapo ndipo maumivu makali ya kichwa na jicho yalipoanza, pengine tabibu ameshaondoka mjini.

Leipzig na Paris: 1747 hadi 1752

Mwishoni mwa Machi 1750, Johann Sebastian Bach, mwanamuziki wa Leipzig aliyekuwa na umri wa miaka 65, aliketi mbele ya John Taylor, Mwingereza aliyezunguka Ulaya akijitangaza kuwa bingwa wa macho. Taylor alimsukuma lenzi. Siku chache baadaye ilibidi amfanyie tena. Bach hakupata kuona vyema. Afya yake, iliyokuwa imara, ilivunjika kutokana na upasuaji na dawa zilizofuata, na alifariki 28 Julai mwaka huo huo. Waliomwandikia taazia hawakusita kuutaja upasuaji ule.

Wakati huo Mfaransa Jacques Daviel alikuwa ameshaanza kufikiri vingine. Mwaka 1747, baada ya kushindwa kuisukuma lenzi ya mgonjwa, alilipasua jicho kwa mbele na kuitoa lenzi nje kabisa. Mwaka 1752 aliwasilisha njia yake kwa chuo cha wapasuaji cha Paris, akiripoti macho 206 yaliyofanyiwa hivyo, ambapo 182 yalifanikiwa.

Ulikuwa mgeuko mkubwa, na gharama yake ilimwangukia mgonjwa. Badala ya tundu la sindano, sasa konea yenyewe, sehemu ile ile iliyojaa neva, ilikatwa nusu ya mzingo wake, kwanza kwa kisu, kisha kwa mkasi uliopinda. Kisha kipande hicho kiliinuliwa ili lenzi ipite. Hapakuwa na ganzi. Kidonda hakikushonwa, kiliachwa kijifunge chenyewe huku mgonjwa amelala gizani, macho yote mawili yamefungwa, kwa siku kadhaa. Uoni uliopatikana ulidumu zaidi kuliko ule wa njia ya kusukuma, na kwa hiyo wagonjwa walikubali. Lakini sasa mtu alitakiwa kutulia kwa muda mrefu zaidi, akikatwa mahali panapouma zaidi.

Manchester, 25 Agosti 1846

Ushahidi wa wagonjwa wenyewe kuhusu walichohisi ni haba. Madaktari waliandika mengi, waliolala chini ya kisu waliandika machache. Ndiyo maana kumbukumbu za Patrick Brontë zina thamani kubwa.

Brontë alikuwa kasisi wa Haworth, Yorkshire, mwenye miaka 69, aliyekaribia upofu. Binti yake Charlotte alimpeleka Manchester kwa mpasuaji William James Wilson. Waliamua lifanyiwe jicho moja tu, ili uambukizo ukiingia, lisipotee la pili. Charlotte alibaki chumbani muda wote, akikaa kimya, kwa kuwa baba yake alitaka awepo.

Mzee Brontë alikuwa na kitabu cha tiba cha nyumbani, na pembezoni mwa kurasa zake aliandika yaliyompata. Matone ya beladona ya kupanua mboni yalimuuma vikali kwa sekunde chache tu. Upasuaji ulichukua takriban robo saa, na maumivu yake aliyafananisha na kuungua, akaongeza kwamba hayakumshinda. Lenzi ilitolewa yote. Kisha akalazwa kwenye chumba chenye giza, siku nne za mwanzo bila kujongea, na akatolewa damu kwa ruba ili kuzuia uvimbe. Charlotte aliandika kwamba madaktari wenyewe walishangazwa na uvumilivu wake.

Inafaa kukaa kidogo hapa. Maumivu ambayo hayakumshinda hayakuwa madogo. Huyu alikuwa mtu aliyekatwa konea robo saa nzima akiwa macho, na aliyejua kwamba akishtuka ataishia gizani. Kutulia kwake kulikuwa kazi, naye aliifanya sawa na mpasuaji. Alirudi Haworth wiki kadhaa baadaye, akaweza tena kusoma na kuhubiri bila kuongozwa, na aliishi hadi 1861. Charlotte naye, katika vyumba vile vya kupanga, alianza kuandika riwaya yake Jane Eyre.

Wiki saba tu baada ya siku ile, tarehe 16 Oktoba 1846, William Morton alimlaza mgonjwa kwa mvuke wa etha katika Hospitali Kuu ya Massachusetts, Boston. Upasuaji bila maumivu ulikuwa umezaliwa.

1846 hadi 1884: usingizi usiolifaa jicho

Mtu angetarajia kwamba wagonjwa wa macho wangekuwa wa kwanza kunufaika. Haikuwa hivyo. Klorofomu ilifuata etha mwaka 1847, na wapasuaji wa tumbo na mifupa walizipokea dawa hizi kwa mikono miwili. Wale wa macho walisita, na hoja zao zilikuwa na uzito. Mtu aliyeamka kutoka usingizi wa etha au klorofomu mara nyingi alitapika. Kutapika hupandisha presha ndani ya jicho, na jicho lenye kidonda kisichoshonwa linaweza kufunguka na kumwaga vilivyomo. Tena, daktari alimhitaji mgonjwa anayesikia: tazama chini, tazama kulia, usifumbe.

Kwa hiyo, karibu miaka arobaini baada ya Boston, wakati mtu aliyekatwa mguu alilala asijue lolote, aliyetolewa mtoto wa jicho bado aliketi macho wazi akikitazama kisu kinakuja. Ni ukweli unaostahili kusemwa kwa uzito, kwa sababu watu hudhani maumivu yaliondoka katika tiba yote kwa siku moja.

Vienna, Septemba 1884

Carl Koller alikuwa daktari kijana wa miaka 26 katika Hospitali Kuu ya Vienna, mwenye ndoto ya kupata nafasi katika kliniki ya macho. Alijua kinachohitajika: dawa ya kuua hisia za jicho peke yake, mtu mwenyewe akibaki na akili zake. Alikwisha jaribu mofini na dawa nyingine za kutuliza kwenye macho ya wanyama, bila mafanikio.

Rafiki yake Sigmund Freud alikuwa akichunguza kokeini, iliyotenganishwa na majani ya koka karibu mwaka 1860 huko Göttingen. Watu wa milima ya Andes walikuwa wakitafuna majani hayo kwa karne nyingi, na ganzi ya mdomo waliijua. Madaktari wa Ulaya walioionja waliihisi pia na kupita zao. Freud alivutiwa na jinsi dawa hiyo inavyoinua nguvu na hali ya moyo. Kiangazi cha 1884 alichapisha utafiti wake kisha akaenda kumtembelea mchumba wake karibu na Hamburg. Koller alieleza baadaye kwamba ni mwenzake mmoja, aliyelamba unga kidogo na kusema ulimi wake umekufa ganzi, aliyemzindua.

Alikwenda maabara, akayeyusha unga ule katika maji, akadondoshea jicho la chura. Baada ya muda mfupi chura aliguswa konea na hakufumba. Wakafuata sungura na mbwa. Kisha Koller na Gustav Gaertner, msaidizi wa maabara, wakajitilia wenyewe. Walisimama mbele ya kioo, kila mmoja na pini mkononi, wakagusa konea zao kwa kichwa cha pini. Hawakuhisi kitu.

Koller hakuwa na nauli ya kwenda kwenye mkutano wa madaktari wa macho Heidelberg. Tarehe 15 Septemba taarifa yake ilisomwa na Josef Brettauer, daktari kutoka Trieste. Ndani ya wiki chache matone hayo yalikuwa yakitumika hadi New York.

Mabadiliko kwa mgonjwa yalikuwa ya mara moja. Yule aliyekuwa akishikwa kichwa sasa aliweza kuongea na daktari huku konea yake ikikatwa. Mwaka 1885 baba yake Freud alipopasuliwa jicho kwa sababu ya glakoma, Koller ndiye aliyemtia kokeini.

Koller mwenyewe hakuipata nafasi aliyoiota. Alikuwa Myahudi, Januari 1885 mwenzake alimtukana kwa asili yake, wakapigana kwa panga, na Koller akamjeruhi. Aliihama Vienna, akapitia Uholanzi, na kuanzia 1888 akafanya kazi New York hadi uzee.

1885 hadi 1950: sindano nyuma ya jicho na mifuko ya mchanga

Kokeini ilikuwa na madhara yake. Ilikausha konea na kuichubua, ilikuwa sumu ikidungwa kwa wingi, na iliwanasa watumiaji wake, madaktari wakiwamo. Pia haikuzima kabisa hisia za airisi, kile kiduara chenye rangi, ambacho mara nyingi kilikatwa ili kupanua njia. Prokeini ilipotengenezwa Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 20, kisha lignokeini na Nils Löfgren huko Sweden mwaka 1943, sindano ya ganzi ikawa salama zaidi. Matone yakaachwa nyuma, na dawa ikaanza kudungwa nyuma ya jicho, kwenye mafuta yanayozunguka neva zake. Ganzi hii ilizima maumivu na pia ililifanya jicho lisicheze hata mgonjwa akitaka.

Lakini iliingiza hofu mpya. Wagonjwa wengi walikumbuka sindano kuliko upasuaji. Tangu 1936, walipofuata maelekezo ya Walter Atkinson, madaktari walimwambia mgonjwa atazame juu na upande wa pua wakati wa kudungwa. Mwaka 1981 picha za CT zilionyesha kwamba kutazama hivyo huileta neva ya kuonea karibu na njia ya sindano. Kwa miaka 45 mgonjwa alikuwa ametii agizo lililomweka hatarini, na tangu hapo huambiwa atazame mbele moja kwa moja.

Taabu nyingine ya kipindi hiki ilikuwa baada ya kisu. Claude Monet, mchoraji Mfaransa, alipasuliwa mwaka 1923 akiwa na miaka 82. Alitakiwa kulala chali bila kujongea, mifuko ya mchanga ikikizuia kichwa chake, siku nyingi mfululizo. Hakuweza. Alihangaika, alikasirika, na barua zake za miezi ile zinaonyesha mtu anayejuta kukubali. Kwa wazee wa wakati ule, mgongo kuuma, haja kubwa na ndogo kitandani, na upweke wa giza vilikuwa adha iliyozidi dakika za chumba cha upasuaji. Adha hiyo haikuingia kwenye hesabu za mafanikio.

1949 hadi 1992: kidonda kinapungua

Harold Ridley alipopandikiza lenzi bandia ya plastiki katika Hospitali ya St Thomas', London, tarehe 29 Novemba 1949, alianzisha uoni usiohitaji miwani mizito. Charles Kelman wa New York, mwaka 1967, alipata njia ya kuivunja lenzi kwa mawimbi ya sauti na kuifyonza; wazo lilimjia akiwa kwenye kiti cha daktari wa meno. Kidonda cha zaidi ya milimita 10 kilishuka hadi karibu 3. Lenzi zinazokunjwa ziliweza kupita kwenye tundu hilo dogo.

Kidonda kidogo kilimwachilia mgonjwa. Hakuhitaji tena mifuko ya mchanga, na baadaye hakuhitaji hata kulazwa. Mwaka 1992 Richard Fichman, nchini Marekani, alionyesha kwamba kwa njia hii mpya matone peke yake yanatosha. Ulimwengu ulirudi kwa Koller baada ya miaka 108, ukiwa na dawa bora kuliko kokeini.

Moshi, Dar es Salaam, Kikuyu

Afrika Mashariki historia hii ilifika kwa njia yake. Hospitali ya KCMC ilifunguliwa Moshi mwaka 1971, kitengo cha macho cha Hospitali ya Kikuyu karibu na Nairobi mwaka 1975, na taasisi ya tiba ya CCBRT ilianza Dar es Salaam mwaka 1994. Mashine za Kelman ni ghali, na mtoto wa jicho wa wagonjwa wengi wa vijijini huwa amekomaa na kuwa mgumu kabla hawajafika hospitali. Njia iliyoenea zaidi ni ile iliyostawishwa Nepal na India, ya kukata mfereji mdogo kwenye weupe wa jicho unaojifunga wenyewe bila uzi. Sanduk Ruit wa Kathmandu ni mmoja wa walioijengea sifa. Kwa kawaida hutanguliwa na sindano ya ganzi kando ya jicho.

Hapa maumivu yenyewe si kikwazo kikubwa tena. Hofu yake ndiyo. Wahudumu wa afya hutaja nauli, kukosa msindikizaji, ruhusa ya familia na, karibu kila mara, woga. Uvumi kwamba jicho hung'olewa, likasafishwa, kisha likarudishwa umesambaa sana, na bibi aliyeusikia hawezi kulaumiwa kwa kukaa nyumbani. Dawa iliyothibitika kufanya kazi ni mtu wa kijijini mwake aliyekwisha kupasuliwa. Akirudi anaona, akasema alichohisi, maneno yake huwavuta wengine kuliko bango lolote.

Hali ni mbaya zaidi mahali ambapo hospitali ziko mbali. Mali, Niger na kaskazini mwa Nigeria bado wako waganga wanaozunguka vijijini wakisukuma lenzi kwa ncha ya chuma, kazi ya dakika chache kwa bei nafuu. Uchungu wake ni mfupi, kama ulivyokuwa enzi za Celsus, na macho mengi yaliyofanyiwa hivyo huishia kwenye presha, maumivu na upofu kamili.

Jicho la pili

Hata penye matone na mashine bora, wagonjwa hawasemi kwamba hawahisi kitu. Huhisi kusukumwa, maji baridi, taa kali; wengi huona rangi zikitembea, na wengine huona kivuli cha kifaa, jambo linalowatisha wasioambiwa mapema. Ulinganisho wa njia mbalimbali umeonyesha kwamba ganzi inayoingizwa chini ya utando wa jicho kwa mrija butu hupunguza maumivu kuliko matone, ingawa wengi huyavumilia matone vizuri.

Tafiti kadhaa zilizochapishwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 zilileta jambo ambalo madaktari walikuwa wakilisikia kliniki: mgonjwa anaporudi kwa jicho la pili, mara nyingi husema safari hii imeuma zaidi. Dawa ni zile zile, mikono ni ile ile. Maelezo yanayotolewa ni kwamba mara ya kwanza mtu hujiandaa kwa mateso makubwa, akashangaa kuyakosa. Mara ya pili huja ametulia, anatarajia kutohisi lolote, na kila mguso huugundua.

Kliniki zinazolijua hili sasa humwambia mgonjwa kabla ya jicho la pili kwamba huenda akahisi zaidi, na kwamba hilo si dalili ya kosa. Humwambia pia asigeuze kichwa akiumwa bali aseme au aminye mkono wa muuguzi, naye ataongezewa dawa.